Faili Safi la Oresta

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini naitikia kabisa mapema, maana vijana wa siku hizi mnaingia na "mambo, bibi", macho kwenye simu, na mimi nabaki mdomo wazi sijui nijibu nini. Haya, poa. Tuendelee.

Mwalimu wenu wa chuo cha uuguzi alikuja nyumbani akaniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, kuuguza wagonjwa wa akili hapa Sumbawanga. "Waandikie yale yasiyomo kwenye vitabu, Sista Gaudensia," akasema. Nikamuuliza, hata mabaya? Akacheka, akasema hata mabaya. Nadhani alitegemea niwasimulie nilivyopigwa kofi na mgonjwa. Kofi nimepigwa, tena si moja, na jino hili la mbele ni la bandia. Lakini hilo si baya. Baya ni la mwanamke mmoja ambaye hapa nitamwita Oresta, na nitafika kwake. Hospitali siitaji na majina ya watu nimeyabadili, kwa hiyo msihangaike kubunibuni.

Kwanza niwape kitu cha kazi. Mgonjwa akiletwa amefungwa kamba, wanaume wanne wamemshikilia, kila mmoja anapiga kelele "kichaa huyu, sista, kaa mbali!", wewe usiamini haraka. Sisemi kwamba ndugu zake ni waongo. Wamechoka, wamelala njiani, mwingine hata kiatu kimoja kimepotea. Lakini neno kichaa likishatamkwa pale mlangoni, basi, hakuna tena anayepima joto, hakuna anayegusa shingo, hakuna anayeuliza mara ya mwisho amekula lini.

Mwezi wangu wa pili kazini nilipokea baba mmoja wa Milepa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, na katikati ya ubeti anamtukana padri. Nikavuta dawa ya kumlaza, sindano iko tayari mkononi. Bwana Feliksi, aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, akanishika kiwiko. "Mtoboe kidole kwanza," akasema. Sukari ilikuwa chini kabisa. Kumbe baba wa watu ana kisukari, amemeza vidonge vyake na hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Tukamtundikia dripu ya glukosi. Haikuchukua muda akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, halafu akauliza kwa adabu zote: "Samahani jamani, nani kanifunga kamba?" Shemeji yake akajificha nyuma ya mlango! Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa. Ningemchoma ile sindano angelala, na hakuna ambaye angeshtuka mpaka amekufa.

Basi wanangu, mwili kwanza. Pima joto, pima sukari, inamisha shingo uone kama imekakamaa, papasa kichwa kama kina jeraha. Fungua kamba uangalie mikono kama damu inapita. Usimsimamie mtu aliyelala sakafuni, chuchumaa. Mwambie jina lako. Ukitaka kumchoma sindano mwambie unamchoma, hata kama unamwona hayupo. Yupo, na atakukumbuka.

Hayo yote nilifundishwa na Bwana Feliksi, siyo chuoni. Alikuwa Mfipa wa Mpui, mrefu, mkimya, mfuko wa koti lake jeupe haukosi mahindi ya kukaanga, na akitembea yanalia. Mgonjwa akikataa kuongea na daktari siku tatu, Bwana Feliksi alikuwa anakwenda kukaa kitandani kwake, anamwamkia kwa Kifipa, anamuuliza mahindi ya kwao yamefikia wapi. Mtu anaanza kulia. Mimi ni Mfipa pia, lakini wakati ule nilijiona msomi, Kifipa nakiacha nyumbani na sufuria. Alinitoa ujinga huo taratibu.

Na yeye ndiye aliyeanzisha faili safi. Sikilizeni vizuri hapa, maana mambo yangu yote yameanzia hapa.

Wakati ule mgonjwa wetu akiumwa ugonjwa wa mwili, tukitaka kumpeleka wodi nyingine, faili lake lilikuwa limeandikwa AKILI kwa kalamu nyekundu juu ya jalada. Neno hilo moja lilitosha. Huko aendako anapewa kitanda cha mwisho, kule karibu na choo. Ndugu wa wagonjwa wengine wanahamisha vyombo vyao. Muuguzi anamwekea chakula mezani kwa kunyoosha mkono na kuruka nyuma. Akisema anaumwa tumbo, wanaandika "analalamika". Asubuhi yake anarudishwa kwetu na kikaratasi: atulizwe akili kwanza.

Mzee mmoja wa Kirando, mfanyabiashara wa dagaa, alikuwa kwetu kwa sababu ya kusikia sauti. Akaanza kusema mguu unawaka moto. Tukampeleka wodi ya upasuaji, akarudishwa. Tukampeleka tena, akarudishwa. Mara ya tatu Bwana Feliksi alimbeba mgongoni, akamlaza mezani mbele ya daktari, akafungua kitambaa alichofungia mguu. Harufu ilijaza chumba. Mguu ulikatwa juu ya goti. Siku alipoamka yule mzee alimwambia Bwana Feliksi, "Hizo sauti sawa, mnitibu. Lakini mguu nilikuwa nasema kweli." Bwana Feliksi alitoka nje, akasimama kwenye upepo muda mrefu, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Tangu siku hiyo, mgonjwa wetu akienda wodi nyingine, tulimfungulia faili jipya, jalada halina doa, na wodi yetu haitajwi popote. Anaingia kule kama mgonjwa yeyote. Halafu Bwana Feliksi mwenyewe anakwenda kwa miguu mpaka kwa mkuu wa wodi ile, anafunga mlango, anamweleza kila kitu kwa mdomo: ana nini, anameza nini, akianza kubadilika atabadilikaje. Alinirudia maneno hayo mara nyingi mpaka nikawa namkatisha. "Usiandike, Gaude, lakini useme."

Aliandika nusu na kusema nusu, mkinielewa. Alipostaafu nikashika mimi nafasi yake. Faili safi nikaliendeleza, tena kwa majivuno.

Sasa Oresta. Aliletwa kwetu akiwa binti wa miaka kumi na sita, kutoka Milepa, mjomba wake kamfunga kwa upande wa khanga. Alikuwa na kifafa. Mnajua wenyewe kifafa katika nchi yetu kinatibiwa kliniki ya akili. Na chake kilikuwa kibaya kwa namna yake: akishaanguka, akizinduka, kwa nusu siku hamtambui mtu, anapiga, anakimbia, anavua nguo. Kwa hiyo kijijini walishamaliza, ni mwendawazimu. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa, aliangukia jikoni na watu wakaogopa kumvuta. Waliogopa povu. Mtu anaungua moto, na watu wazima wamesimama wanaogopa mate yake. Mpaka leo nikiandika hili mkono unakuwa mzito kwa hasira.

Dawa zilimkubali. Asubuhi na jioni, bila kuruka, na hakuanguka tena. Akajifunza kushona, akapata cherehani sokoni, akanenepa, akawa mcheshi, mdomo wake hauna breki. Akaolewa na Ambakisye, kijana wa Mbeya aliyekuja huku kikazi, karani katika ofisi ya ardhi. Mtu mpole, wa kanisani, suruali imenyooka wakati wote. Wakapata watoto wawili, wa kwanza Neema.

Hakumwambia mumewe. Nilimsihi kabla ya harusi, nikamsihi baada ya Neema. "Dada," alikuwa ananiambia, "wewe humjui mama yake. Kwao wakijua nimekwisha. Watanirudisha Milepa na watoto watabaki nao." Kila mwezi alikuja kliniki kwa mlango wa nyuma, na kapu la sokoni, namfungia vidonge vyake kwenye gazeti chini ya mchicha. Tulikuwa tunacheka, jamani. Tulikuwa tunaona tumewaweza watu.

Mwaka mmoja, ule mwezi wa baridi ambao upepo wa huku unapita hadi kwenye mifupa, Oresta alilazwa wodi ya wanawake kwa homa ya mapafu. Niliitwa na yeye mwenyewe, alimtuma mfagiaji. Nikamkuta anahema kwa shida, mama mkwe amekaa miguuni pake anapanga nguo kwenye mfuko, mwanamke wa Rungwe mwenye mwili mkubwa, kitambaa kichwani, sauti ya kuamrisha. Alikuwa amekuja kutembelea wajukuu. Oresta akasubiri mama atoke kwenda kuchota maji ya moto, akanishika gauni.

"Dada, wataandika vidonge vyangu?"

"Lazima viandikwe. Unavimeza."

"Wakiandika, Ambakisye atapewa cheti aende dirisha la dawa. Wataita kwa sauti. Mama atasikia." Alikuwa anakohoa kati ya maneno. "Na Imelda ndiye mkuu wa wodi hapa. Imelda tunachota naye maji bomba moja. Jumuiya moja. Dada, naomba. Watoto wangu."

Sista Imelda ni mtu wa kazi. Mkali, msafi, haongei ovyo, na ninyi mngebahatika kufundishwa na Imelda. Sikuwahi kumsikia akitoa siri ya mgonjwa. Lakini nilitazama yale macho ya Oresta, nikafikiri kovu la mkono, nikafikiri watu waliosimama wanaangalia moto. Nikasema sawa. Nitakuletea mwenyewe asubuhi na jioni, natia mfukoni, nakupa kama dada anayekuja kukujulia hali. Mama akiuliza, ni vitamini.

Alilia kwa furaha. Na mimi nilitoka pale kichwa juu. Sikufunga mlango wa Imelda, sikusema. Imelda alipomuuliza Oresta wakati wa kumlaza, una ugonjwa mwingine wowote, kuna dawa unatumia, alijibu hapana. Faili lake lilikuwa safi kwelikweli.

Jumatatu hadi Jumatano mambo yalikwenda vizuri. Homa ikaanza kushuka. Alhamisi asubuhi nikampa vidonge vyake, akanitania kwamba viatu vyangu vinalia kama mlango wa kanisa. Saa sita mchana nikaitwa: kuna mgonjwa wangu anatakiwa kusindikizwa Mbeya kwa gari la wagonjwa, sasa hivi, hakuna mwingine. Dereva akasema kesho mchana tutakuwa tumerudi. Nikapiga hesabu ya haraka, atakosa jioni moja na asubuhi moja. Ningeweza kukimbia wodi ya wanawake nikamwachia viwili mkononi. Lakini mama mkwe alikuwa anapekua kila kitu, na dereva alikuwa anapiga honi. Nikapanda.

Ijumaa gari likafia Mbeya. Giaboksi. Fundi akasema linasubiri kifaa. Nikalala kwenye nyumba ya wageni, vidonge vya Oresta vimo kwenye mfuko wa gauni langu.

Jumamosi asubuhi nikapiga simu. Hili ndilo ninalotaka mlisome mara mbili. Simu nilikuwa nayo, salio lilikuwepo, na mtandao ulikuwa safi. Nilimpigia Imelda mwenyewe.

"Gaude, uko wapi wewe?" akaniuliza.

"Mbeya, gari limeharibika. Vipi huko, Mama Neema anaendeleaje?"

"Kifua kinakwenda vizuri. Homa imempandia kidogo tena leo. Halafu anakuulizia tangu juzi, dada yangu hajarudi, dada yangu hajarudi. Mnahusiana?"

"Ni wa nyumbani tu."

Nilimsikia akimwambia mtu asogeze toroli. Kisha akasema, "Kuna kitu natakiwa nikijue, Gaude?"

Neno lilikuwa mdomoni. Naapa lilikuwa mdomoni. Nikaliona lile bomba la maji, wanawake wamepanga ndoo, nikamwona Oresta amebeba mfuko wake anapanda basi la Milepa bila watoto. Nikajiambia fundi ameahidi jioni, kesho nitakuwa nimefika.

"Hapana," nikasema. "Msalimie tu."

Jumamosi hiyo hiyo saa za kuona wagonjwa, Oresta akaanguka kifafa kitandani. Ndugu wa wagonjwa wakakimbilia nje. Imelda hakukimbia, alimgeuza ubavu, akamlinda kichwa, akamwita daktari. Dawa ya kukata degedege ikachomwa, ikakata. Baadaye ikaja tena, na tena, bila kuzinduka katikati. Mama mwenye homa, hajawahi kuanguka maishani mwake, hana dawa anayotumia. Daktari yeyote mwenye akili timamu angefikiri nini? Wakafikiri malaria imepanda kichwani, au uti wa mgongo umeingia wadudu. Wakamchoma mgongoni kuchukua maji, wakaanza dawa za malaria, wakaanza dawa za uti wa mgongo. Walihangaika kwelikweli. Hakuna aliyejua kwamba kuna mwili unaolilia kidonge chake cha siku zote, kilichositishwa kwa ghafla. Jumapili alfajiri akafariki.

Niliteremka kwenye gari Jumapili mchana, nikaenda moja kwa moja wodi ya wanawake. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, yuko bibi mwingine anakunywa uji wa ulezi. Nikamuuliza muuguzi wa zamu, akanionyesha kwa kidole upande wa chumba cha maiti. Sijui niliondokaje pale. Nakumbuka nimekaa chini nyuma ya jengo la kufulia, nauma ncha ya gauni langu nisipige kelele.

Msije mkaniambia labda angekufa hata hivyo. Wengine mtataka kunifariji, nawajua, mna mioyo mizuri. Nimejiambia hivyo mwenyewe miaka mingi, na sijawahi kuamini hata siku moja.

Ambakisye nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha maiti. Mama yake alikuwa mbali kidogo na wanawake wa kanisani, wanaimba kwa Kinyakyusa. Alisimama aliponiona. Hata pale, jamani, alisimama.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, baba. Pole. Pole sana." Nikakaa. Nikasema bila kumwangalia, kabla ujasiri haujaniponyoka. "Baba Neema, nina neno. Mkeo alikuwa na kifafa. Tangu msichana. Mimi ndiye nilikuwa nampa dawa, na safari hii nimeondoka nazo."

Wanawake wakamaliza wimbo, wakaanzisha mwingine.

"Najua," akasema.

Nikageuka.

"Najua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alichelewa dawa nadhani, au alitapika, sijui. Alianguka uani anafua. Nikamshika kichwa, nikamfuta, nikambadilisha khanga. Siku nzima hakunijua, nilifunga mlango nikakaa naye. Alipopata fahamu nilimwambia umezimia, mimba hiyo ya Neema inakusumbua. Akafurahi sana, sista. Vidonge niliviona baadaye kapuni, nikajua vinatoka kwako. Nikaona basi, kama anapenda nisijue, sijui." Alikuwa anakunjakunja kofia yake. "Siku zake za kliniki nilikuwa natafuta safari ya ofisini, nisiwepo nyumbani, asihangaike kunidanganya. Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe. Miaka tisa."

Nikapapasa mfuko wa gauni langu, vidonge vimo bado.

"Jana alipoanguka," akaendelea, na sauti sasa ilikuwa inavunjika, "yule Sista Imelda alinigeukia akaniuliza, baba, ameshawahi kuanguka hivi? Mama yangu yuko karibu hivi, kama wewe ulivyo. Nikasema hapana. Nilidhani wewe ulishawaambia. Nilidhani madaktari wanajua, wananiuliza kwa utaratibu tu. Nikasema hapana, sista! Mbele ya mke wangu!"

Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na mimi nikalia naye, na mama yake akaja mbio akamkumbatia akidhani analia kifo peke yake.

Kabla hawajaondoka na mwili alinivuta pembeni. "Wameandika malaria kali," akasema. "Naomba iwe hivyo hivyo. Asizikwe na maneno."

Nikakubali. Nilikubali upesi mno, na msidhani ilikuwa kwa heshima ya Oresta tu. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na niliogopa.

Kwa hiyo wodi ile haikujifunza kitu. Faili lilifungwa likiwa safi. Na Imelda, ambaye hakukosea hata hatua moja, ndiye aliyebeba mzigo. Alianza kurudia vipimo mara mbili mara tatu, akawa haendi nyumbani zamu ikiisha, anakaa anasoma vitabu vya madaktari. Siku moja tunakunywa chai aliniuliza, "Gaude, yule Mama Neema, niliruka nini mimi? Kila nikifikiri naona kuna kitu niliruka." Nikakoroga sukari. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Nilisema hivyo, wanangu, na kikombe mkononi.

Mwalimu wenu aliponiomba kurasa hizi, nilimpigia Ambakisye kwanza. Alishahamia kwao Mbeya, mama yake amefariki, watoto ni wakubwa. Akaniambia niandike. Halafu mwezi uliopita nikapanda gari nikaenda Mpui, kwa Imelda. Amestaafu, analima ulezi na mahindi kidogo. Nilimkuta kibarazani anapepeta ulezi kwenye ungo. Alinikaribisha kwa furaha, akataka kuniletea togwa. Nikamwambia kaa kwanza.

Nilimweleza yote, kuanzia gazeti chini ya mchicha mpaka benchi. Hakunikatisha. Ungo aliuweka chini tangu nilipotaja vidonge, na mikono yake ikabaki wazi juu ya mapaja, ina vumbi la ulezi. Nilipomaliza nikasubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Nilimuuliza mgonjwa," akasema taratibu, kama mtu anayesoma ripoti ya zamu. "Nilimuuliza mumewe. Na wewe nilikuuliza, Gaude. Kwenye simu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema.

"Miaka kumi na moja nimemwomba Mungu msamaha kwa kifo cha yule mama."

Akainuka, akaokota ungo, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa kibarazani pake nikimsikia anahema upande wa pili, mpaka nilipoona hafungui, nikaenda barabarani kusubiri gari.